Wainwright: Asili, Maana na Mtawanyiko wa Jina la Ukoo la Kiingereza

Ikisiri

Makala hii inachunguza jina la ukoo la Kiingereza Wainwright. Inafafanua viambajengo vyake katika Kiingereza cha Kale, mazingira ya kiuchumi yaliyolizaa, na sababu zilizolifanya likite mizizi kaskazini na katika kanda ya kati magharibi ya Uingereza. Aidha, inafuatilia matumizi ya jina hilo nje ya chimbuko lake, ikiwa ni pamoja na kupewa kwake kijana wa Kiyao aliyeokolewa utumwani katika karne ya 19. Inadaiwa kwamba historia ya jina na historia ya mwenye jina ni mambo mawili yanayohitaji ushahidi tofauti, na kwamba kuyachanganya kumeleta makosa katika uchunguzi wa majina, yakiwamo majina ya Waafrika yaliyohifadhiwa katika kumbukumbu za Kizungu.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa majina ya ukoo ya Kiingereza huyagawa katika makundi manne: yanayotokana na jina la mzazi, yanayotokana na mahali, yanayotokana na sifa au lakabu, na yanayotokana na kazi. Kundi la mwisho ndilo lenye jina linaloongoza kwa wingi. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2010, jina Smith, yaani mhunzi, lilikuwa na watu 2,442,977. Huko huko, Wright lilikuwa na zaidi ya watu laki nne. Wainwright ni dogo kwa idadi likilinganishwa na hayo mawili, na kwa sababu hiyo hiyo lina manufaa makubwa zaidi kwa mwanaisimu. Jina lililoenea kila mahali halisemi mengi kuhusu mahali lilikotoka. Jina lililobaki karibu na kwao huhifadhi mipaka ya lahaja, aina ya zana na hata aina ya mnyama aliyevuta zana hiyo.

Msomaji aliyezoea majina ya mwambao, ambamo bin na binti huunganisha mtu na baba yake na nisba humrejesha kwenye ukoo au mji, anaweza kudhani kwamba jina la kazi ni utambulisho usio na uzito. Katika Uingereza ya Zama za Kati haikuwa hivyo. Kijiji chenye akina John kumi kilihitaji namna ya kuwatofautisha, na kazi ya mtu ilionekana na wote kila siku.

2.0 Viambajengo vya Jina

Wainwright ni neno ambatani lenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni wægn ya Kiingereza cha Kale, yenye maana ya gari la kukokotwa. Sehemu ya pili ni wyrhta, yaani mtendakazi au mtengenezaji. Ambatani yenyewe, wægnwyrhta, imo katika orodha za maneno za Kiingereza cha Kale, ambako inafasiri neno la Kilatini carpentarius. Kwa hiyo jina hili la kazi lilikuwapo kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na kabla ya majina ya ukoo yenyewe kuwapo.

Mabadiliko ya sauti yaliyolileta neno hili katika umbo la leo ni ya kawaida kabisa, na yanaweza kuelezwa kwa mifano ambayo kila mwanafunzi wa Kiingereza anaifahamu. Konsonanti g iliyofuata irabu ya mbele ilitamkwa kama y, kisha ikayeyuka na kuwa sehemu ya irabu. Ndivyo dæg ilivyokuwa day, regn ikawa rain, nægl ikawa nail. Kwa njia hiyo hiyo wægn ilizaa wain. Katika wyrhta, sauti r na irabu iliyoitangulia zilibadilishana nafasi, likapatikana umbo wryhta, na baadaye wright. Neno hili lina uhusiano na kitenzi wyrcan, yaani kufanya kazi, ambacho umbo lake la wakati uliopita limebaki katika kivumishi wrought. Sauti ya kooni iliyoandikwa gh ilitoweka katika Kiingereza sanifu, ingawa Kiskoti kiliendelea kuitamka, na w ya mwanzo iliacha kusikika mbele ya r. Tahajia ilibaki na herufi ambazo ulimi umekwisha kuzisahau.

Katika Kiingereza cha Kale wyrhta halikuwa neno la seremala peke yake. Mshona viatu aliitwa sceowyrhta, na hata Muumba aliweza kuitwa kwa neno hilo. Maana ilisinyaa polepole hadi neno lilipomlenga zaidi fundi wa mbao. Kiswahili kina kitenzi kilichokwenda upande wa pili: kuunda, ambacho kwa mabaharia na mafundi wa mwambao ni kitenzi cha chombo cha baharini, sasa hutumika kwa kamati, sera na nadharia. Kiingereza kilibana, Kiswahili kikapanua. Ulinganisho huu hauthibitishi uhusiano wowote wa kiasili kati ya maneno hayo. Unaonesha tu kwamba upana wa maana ya neno la ufundi hauwezi kukadiriwa kwa maana yake ya leo.

Mpangilio wa viambajengo nao unastahili kuangaliwa. Katika Wainwright kitu hutangulia na mtendaji hufuata, ilhali katika mshona viatu au mfua chuma mtendaji hutangulia. Kiingereza kina majina machache yenye mpangilio unaomwelekea Mswahili, kama vile Shakespeare na Drinkwater, ambamo kitenzi hutangulia na kitu hufuata. Hata hivyo, kwa majina ya mafundi wa mbao, ruwaza ya wright ndiyo iliyotawala: Cartwright alitengeneza mikokoteni, Arkwright alitengeneza makasha, Plowright alitengeneza majembe ya kukokotwa. Ruwaza hiyo sasa haizai tena kwa urahisi. Neno playwright, yaani mwandishi wa tamthilia, liliundwa katika karne ya 17, na wengi huliandika kimakosa kana kwamba sehemu yake ya pili inatokana na kitenzi cha kuandika. Kosa hilo linaonesha kwamba kwa mzawa wa leo wright imekuwa sauti tupu.

Hatima ya wain inafanana na hiyo. Katika karne ya 16 Kiingereza kilikopa wagon kutoka Kiholanzi, neno la asili moja na wain, na ndugu huyo mgeni akamsukuma mwenyeji hadi pembezoni. Wain lilibaki katika ushairi, katika Charles's Wain ambalo ni jina la kundi la nyota saba, na katika kichwa cha mchoro wa John Constable wa mwaka 1821, The Hay Wain. Kwingineko lilibaki ndani ya majina ya watu. Jina Wayne, ambalo Marekani imelifanya pia jina la kwanza, linatokana na neno hilo hilo: fundi aliitwa kwa jina la kitu alichokitengeneza.

3.0 Gari, Maksai na Ramani ya Lahaja

Swali linalofuata ni kwa nini fundi mmoja aliitwa Wainwright mahali fulani, Cartwright mahali pengine, na Wheeler kwingineko. Jibu jepesi ni kwamba lahaja zilitofautiana. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi.

Utafiti wa John Langdon (1986) kuhusu wanyama wa kukokota katika Uingereza kati ya 1066 na 1500 umeonesha jinsi farasi alivyochukua nafasi ya maksai hatua kwa hatua, kwanza katika usafirishaji kuliko katika kulima, na kwa kasi tofauti katika kila eneo. Wain kwa kawaida lilikuwa gari zito lililovutwa na maksai. Cart lilihusishwa zaidi na farasi. Palipokuwa na maksai na mizigo mizito, fundi wa wain alikuwa na kazi ya kutosha kumtambulisha. Palipokuwa na farasi na magari mepesi, jina lilifuata gari. Kusini, ambako mkazo uliwekwa kwenye gurudumu, ndiko jina Wheeler lilikostawi. Na palipoingia msamiati wa Wanormani, Carpenter alichukua nafasi ambayo kaskazini ilishikwa na Wright.

Hivyo mtawanyiko wa Wainwright, ambao kitovu chake ni Yorkshire, Lancashire na kaunti za jirani upande wa kati magharibi, ni ramani ya lahaja na ramani ya kilimo kwa wakati mmoja. Mtafiti anayeitazama kama ramani ya lahaja pekee atauona msamiati na kuukosa uchumi. Anayeitazama kama ramani ya magari pekee atashindwa kueleza kwa nini kiambajengo wright kinadumu hata mahali ambapo maksai walikwisha kuondoka.

Kazi yenyewe haikuwa ya kila seremala. Gurudumu la mbao lilihitaji mbao za aina tatu: kitovu cha mti usiopasuka kirahisi, kwa kawaida elmi, spoku za mwaloni, zilizochanwa kufuata nyuzi za mti badala ya kukatwa kwa msumeno, na vipande vya mzingo vya mti unaovumilia mitikisiko, kama vile ashi. Mbao ziliachwa zikauke kwa miaka. Mhunzi alivisha pete ya chuma ikiwa ya moto, kisha ikamwagiwa maji ili ijikaze. Wainwright na Smith, kwa hiyo, walikutana kiwandani kabla ya kukutana katika orodha za majina.

4.0 Kutoka Kazi hadi Ukoo

Si kila anayeandikwa kwa jina la kazi alikuwa na jina la ukoo. Katika karne ya 12 na ya 13 maneno kama hayo yalikuwa maelezo yanayoweza kubadilika mtu alipobadilisha kazi. Kurithishwa kwa majina kulianza mapema zaidi kwa wenye ardhi na katika maeneo ya kusini, na kulichelewa kwa watu wa kawaida wa kaskazini. Kodi za kichwa za miaka 1377, 1379 na 1381 ni ushahidi muhimu wa kipindi hicho cha mpito. Orodha ya mwaka 1379 ya West Riding ya Yorkshire ina thamani ya pekee, kwa kuwa mara nyingi hutaja jina na kazi ya mtu bega kwa bega. Pale vinapolingana, mtafiti hawezi kujua kama jina linarithiwa au linaeleza. Pale visipolingana, jina limekwisha kukatika kutoka kwenye kazi, na huo ndio wakati ambapo jina la ukoo limezaliwa.

Tatizo jingine ni lugha ya waandishi. Makarani waliandika kwa Kilatini au Kifaransa, hivyo fundi aliyeitwa kwa Kiingereza na majirani zake aliweza kuonekana katika hati kama Carpentarius. Kuhesabu umbo la Kiingereza pekee ni kumhesabu karani, si kijiji. Baada ya amri ya mwaka 1538 iliyozitaka parokia kuandika ubatizo, ndoa na maziko, umbo la Kiingereza lilitulia zaidi, ingawa tahajia iliendelea kuyumba kati ya Wainwright, Wainewright, Wainright na nyinginezo.

Kijerumani kilipitia njia inayofanana na hii, kikafika kwingine. Wagner, lenye asili moja na sehemu ya kwanza ya Wainwright, limo katika majina kumi yanayoongoza nchini Ujerumani. Tofauti ya wingi haitokani na idadi ya magari. Wagner liliundwa kwa kiambishi tamati kilichokuwa hai, na liliweza kumtaja mtengenezaji na hata mwendeshaji. Kiingereza kiliwatenganisha wawili hao: Wainwright alitengeneza, Wainman aliendesha, naye Carter akawazidi wote wawili kwa idadi ya wajukuu.

5.0 Jina Linapoondoka Nyumbani

Mapinduzi ya viwanda na uhamiaji yalilitoa jina nje ya kaunti zake. Marekani lilibebwa na watu wa tabaka mbalimbali, akiwamo Jenerali Jonathan Wainwright, aliyelazimika kusalimu amri kwa Wajapani huko Ufilipino mwezi Mei 1942. Nchini Kanada lilikuwa jina la mji katika jimbo la Alberta, kwa heshima ya William Wainwright, makamu wa rais wa kampuni ya reli. Kwamba mtu wa treni alibeba jina la fundi wa magari ya maksai ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayochekesha.

Mfano wenye uzito zaidi kwa isimu ni wa Alfred Wainwright, aliyezaliwa Blackburn, Lancashire, mwaka 1907, na kufariki mwaka 1991. Baba yake alikuwa mwashi, si fundi wa mbao. Mwenyewe alikuwa mtunza fedha wa manispaa ya Kendal. Kati ya 1955 na 1966 alichapisha mijaladi saba ya mwongozo wa milima ya Lake District, iliyoandikwa na kuchorwa kwa mkono wake. Milima 214 iliyomo katika mijaladi hiyo sasa huitwa Wainwrights, kwa wingi, na wapandaji huhesabu ni mingapi wamekwisha kuipanda. Nomino ya kawaida ya kazi ilikuwa nomino ya pekee ya ukoo, nayo ikarudi kuwa nomino ya kawaida yenye maana ambayo hakuna fundi wa karne ya 13 angeweza kuielewa. Mzunguko kamili wa namna hiyo ni nadra kuonekana wazi katika jina moja.

6.0 Jacob Wainwright

Mwenye jina anayewahusu zaidi wasomaji wa Afrika Mashariki hakuwa na babu hata mmoja Yorkshire. Jacob Wainwright alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na meli ya Waingereza, akapelekwa India na kusomeshwa katika kituo cha Church Missionary Society kilichokuwa karibu na Nasik. Huko vijana wa Kiafrika walipewa majina mapya pamoja na elimu na ufundi. Miongoni mwa wenzake walikuwamo Matthew Wellington, Carus Farrar na John Wainwright. Mwaka 1872 alikuwa katika kundi lililotumwa na Stanley kumfuata David Livingstone, nalo likamfikia Unyanyembe mwezi Agosti.

Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mapema Mei 1873, Jacob ndiye aliyesoma ibada wakati moyo wa marehemu ulipozikwa, na ndiye aliyechonga katika mti wa mvula jina la marehemu na tarehe. Msafara ulioongozwa na Susi na Chuma uliubeba mwili hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Jacob aliusindikiza hadi Southampton, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika kanisa la Westminster Abbey. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha.

Shajara aliyoiandika kwa mkono wake kuhusu safari hiyo ilichapishwa mwaka huo huo kwa Kijerumani katika jarida la kijiografia la August Petermann. Hati yenyewe imehifadhiwa Blantyre, Uskoti. Mwana wa Kiyao, aliyeandika kwa Kiingereza alichojifunza India, alisomwa kwanza kwa Kijerumani. Kwa mtaalamu wa fasihi ya Afrika Mashariki, njia hiyo ya maandishi ina umuhimu kuliko jina lililo juu ya ukurasa.

Na jina hilo ndilo tatizo. Kwa kanuni za etimolojia, Wainwright linamaanisha mtengeneza magari kwa Jacob kama linavyomaanisha kwa Alfred, kwa sababu maana ya kihistoria ya neno haibadiliki kwa kubadilika kwa mbebaji. Lakini hitimisho ambalo kwa Alfred lingekuwa la kukisia, yaani kwamba babu fulani wa mbali alichonga magurudumu, kwa Jacob ni upuuzi. Kwake jina linashuhudia kitendo cha kutoa jina, si nasaba. Linamhusu mtoaji. Mtafiti anayehesabu wingi wa jina katika sensa ya kisasa, hasa ya Marekani, anakumbana na hali hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa: maelfu ya wenye majina ya kazi ya Kiingereza ni wazao wa watu waliolazimishwa, waliopewa au waliojichagulia majina hayo wakitoka utumwani. Takwimu za wingi hupima mtawanyiko wa jina. Hazipimi mtawanyiko wa damu, wala wa ufundi.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na wasomaji wa Kiswahili huwa wepesi wa kulitenda. Jina Chuma, la mwenzake Jacob, huvutia kufasiriwa papo hapo kwa maana ya madini. Lakini Chuma naye alikuwa Myao, na jina la Myao haliwezi kusomwa kwa kamusi ya Kiswahili kwa sababu tu herufi zinalingana. Ushahidi unaodaiwa kwa Wainwright, yaani maumbo ya kale, mabadiliko ya sauti yanayothibitika, na mazingira ya utoaji wa jina, lazima udaiwe kwa Chuma pia. Vinginevyo taaluma ya majina itakuwa na mizani miwili, mmoja wa majina ya Ulaya na mwingine mlegevu wa majina ya Afrika.

Jiwe la kaburi la Livingstone katika Westminster Abbey linaeleza kwamba aliletwa huko na mikono miaminifu, kupitia nchi kavu na baharini. Halitaji mikono hiyo ilikuwa ya nani. Jacob Wainwright alirudi Afrika Mashariki, na akafariki Urambo, magharibi mwa Tabora, mwaka 1892.